Baba na Wafalme wa Uingereza

Butimba, Mwanza
17 Septemba 1995

Kaka yangu Mayala,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa na una nafasi, maana ni ndefu kuliko zote nilizowahi kukuandikia. Kwanza nakuuliza hali ya kifua chako. Barua yako ya mwezi wa sita ilisema baridi ya huko Morogoro ilikuwa inakusumbua, na tangu hapo sijasikia umepona au la. Wifi Precious na watoto nawasalimu sana. Mwambie wifi vile viazi vitamu vilivyokaushwa alivyoniomba nimeshavitayarisha, nangoja tu mtu wa kuaminika anayesafiri kuja huko.

Sisi huku ni wazima. Mvua bado, vumbi ni lile lile, na magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti tangu asubuhi, kila chama na wimbo wake, mpaka wanafunzi wangu darasani wanaimba nyimbo za vyama badala ya kunisikiliza. Shemeji yako yuko safarini na meli ya mizigo, tunamwona mara moja moja. Watoto wanasoma.

Baba naye hajambo. Lile jicho la kushoto walilomfanyia upasuaji linaendelea vizuri. Anaona umbo la mtu, anatofautisha mtu na mlango, ila sura haioni. La kulia daktari amesema tusubiri. Lakini ninapokuandikia Baba hayuko hapa kwangu. Usishtuke, hajapotea wala hajaugua. Nitakueleza yuko wapi na alifikaje huko, ila nakuomba unisome kwa utaratibu, usirukie mwisho kama ulivyozoea kufanya na vitabu.

Unamkumbuka jirani yangu Mwaija, yule mjane anayeuza vitenge, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Kaka yake anayefanya biashara Nairobi alimletea deki ya video na katoni nzima ya mikanda. Mingi ilikuwa ya ngumi na ya Kihindi, na hiyo waliimaliza haraka. Chini ya katoni ikabaki michezo ya kuigiza ya Kiingereza, mikanda mingi yenye majalada ya aina moja, yenye picha za watu waliovaa taji na mavazi ya chuma. Mwaija hajui Kiingereza. Akaja kwangu akasema anasikia watu wanalia na kuchinjana humo ndani na hajui ni kwa nini, na kwamba mimi mwalimu wa Kiingereza nitakuwa nimemkosea ujirani nisipomsaidia.

Basi tukaanza kukutana kwake kila Jumapili alasiri, baada ya sisi kutoka kanisani. Nilikwenda na Baba kwa sababu sikutaka kumwacha peke yake na macho yale, nikadhani atasinzia kwenye kochi. Alikuwapo pia Mzee Obedi, aliyekuwa dereva wa lori la ushirika mpaka walipowapunguza kazini mwaka juzi. Siku hizi hana la kufanya Jumapili wala Jumatatu.

Ilikuwa hadithi ya wafalme wa zamani wa Uingereza, kabla Waingereza hawajaujua hata mlango wa bara letu. Kulikuwa na mfalme aliyerithi taji akiwa bado ananyonya. Akakua mpole, mtu wa sala, asiyependa vita. Binamu zake wa ukoo wa Yoki wakasema kiti ni chao kwa haki, na kwamba ukoo wake, wa Lankasta, ulikuwa umekinyakua tangu enzi za babu yake. Mke wa mfalme hakuwa mpole hata kidogo. Akakusanya jeshi kumpigania mwanawe. Wakapigana ndugu kwa ndugu miaka na miaka, huyu anavaa taji, yule analivua.

Siku ya kwanza kazi ya kutafsiri ilinishinda. Kulikuwa na vyeo ambavyo Kiswahili changu hakina. Nikaamua mfalme nimwite mtemi, na wale wakubwa wa majimbo niwaite wanangwa, kama walivyoitwa wasaidizi wa watemi kwetu Usukumani. Nilidhani nimerahisisha. Kumbe Baba hakuwa amesinzia. Akanikatiza, akasema mfalme wa Uingereza si mtemi, nisiwapotoshe watu. Mtemi mvua ikikataa kunyesha watu walimfukuza, lakini mfalme wa Uingereza mvua inyeshe isinyeshe hakuna anayemuuliza. Mwaija akasema yeye vyeo havimshughulishi, anachotaka ni kujua mama wa kila mmoja ni nani, kwa sababu ugomvi wa ndugu anajua unakoanzia. Mzee Obedi akasema hivi ni vyama viwili tu kama hivi vya kwetu sasa, hata alama wanazo, mmoja ua jekundu, mwingine ua jeupe. Yeye akajiunga na Yoki kwa kuwa farasi wao walimpendeza.

Tangu siku hiyo Baba alibadilika. Unakijua kile kitabu chake cha historia ya Uingereza alichofundishia shule ya kati wakati wa mkoloni, kile ambacho mchwa walikula jalada lake. Akaniomba nikitoe sandukuni, na kila Jumamosi nikamsomea sura inayohusu mkanda wa kesho yake, ili nisibabaike kutafsiri. Nilipokosea mwaka alinisahihisha kabla sijamaliza sentensi. Jumapili alikaa wima, mkono kwenye fimbo, uso ameuelekeza kwenye televisheni asiyoiona vizuri, na umeme ulipokatika watu walimgeukia yeye awaeleze kilichofuata. Nilifurahi, Kaka. Tangu Mama afariki sikuwa nimemsikia Baba akizungumza kwa muda mrefu namna ile.

Lakini wewe na mimi kwetu habari ya kiti na binamu haikuwa ya mbali. Sikukumbushi kwa kudhani umesahau. Nataka tu uone nilivyokuwa nikiisikiliza ile michezo. Mama alitusimulia akichambua mchele, mara ngapi sijui, kwamba Babu mtemi alipofariki wazee walimchagua Baba arithi, na kwamba binamu yake Shimba, mtoto wa ndugu yake Babu, aliwageuza wale wazee kwa ng'ombe na vitisho, Baba ikambidi akimbilie Ukerewe kuokoa roho yake. Kwetu yule mtu hakuitwa Baba Mdogo. Aliitwa Shimba tu, kama mtu anavyotaja ugonjwa. Serikali ilipoondoa watemi baada ya uhuru, ardhi iliyozunguka makao ya zamani ilibaki mikononi mwa Shimba, na sasa biashara ya pamba imefunguliwa kwa watu binafsi, kuna kampuni inaitaka ili ijenge kiwanda cha kuchambulia. Wewe ukafungua kesi ili ardhi irudi kwa Baba, mwenye haki yake. Najua umejitoa sana kwa kesi hiyo, na najua kwamba yote inasimama juu ya ushahidi wa Baba mwezi wa kumi na moja.

Kwa hiyo mimi pale kwa Mwaija kila nilipomwona yule wa Yoki akijivika taji nilimwona Shimba, na yule mfalme mpole nilimwona Baba. Nilitafsiri kwa uchungu mpaka Mwaija aliwahi kuniuliza kama hao watu ni jamaa zangu.

Sasa fika hapa polepole, Kaka.

Jumapili moja mwezi wa nane tulikuwa kwenye mkanda ambao mfalme mpole amekamatwa na kufungwa ndani ya mnara. Binamu aliyelichukua taji anaingia kumwona. Anamkuta amekaa chini, anampa ndege makombo ya mkate. Binamu anasimama mlangoni, anamuuliza kama anamchukia. Mfalme anamwambia hapana, amemvua kitu kilichokuwa kinambana tangu utotoni, na kwamba anachokihurumia ni kichwa atakachokivalisha taji hilo. Nilitafsiri hivyo hivyo. Mzee Obedi akacheka, akasema mwanamume gani huyo, kweli Waingereza nao walikuwa na wajinga wao.

Baba akasema, "Si mjinga, Obedi."

Hakusema kwa ukali. Akaniomba nirudishe mkanda nyuma nitafsiri tena kipande kile. Nikarudisha. Kilipokwisha akaniomba tena. Watoto wakaanza kutoka nje kucheza, na Obedi akaaga. Umeme ukakatika tukiwa katikati ya mara ya tatu, Mwaija akaenda uani kuwasha mkaa wa chai. Tukabaki Baba na mimi, na ile televisheni imezimika.

Akasema kitabu chake kinamwita mfalme yule dhaifu. Yeye aliwafundisha watoto hivyo miaka yote, kwamba alikuwa dhaifu na ndiyo maana nchi iliharibika, na kila mwaka alipofika ukurasa ule aliusoma haraka haraka ili aupite. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mimi hakuna aliyenifukuza, Bernadeta," akasema. "Nilikimbia mwenyewe."

Nitakuandikia aliyonieleza kama nilivyoyasikia, bila kupunguza. Ni kweli Babu alipofariki wazee walimchagua Baba. Walikuwa wanaficha jina mpaka siku ya kumkamata ili asimikwe, maana ilijulikana kwamba anayechaguliwa akijua mapema huweza kukimbia. Lakini shangazi yake alikuwa na sikio ikulu, akamnong'oneza. Wakati ule Baba alikuwa kijana, mwalimu wa shule ya misheni, na Mama alikuwa kwa wazazi wake akikusubiri wewe uzaliwe. Baba anasema aliogopa vitu viwili. Kiti kile kilikuwa na wake zake na matambiko yake, na asingeweza kukikalia akabaki na Mama peke yake na kanisa lake. Pili, ilikuwa miaka ile serikali ya mkoloni inawatumia watemi kuwalazimisha watu kulima matuta, kupunguza ng'ombe na kulipa faini. Alimwona Babu alivyochukiwa na watu aliowapenda. Akasema hakuwa na moyo wa kumpiga faini mzazi wa mwanafunzi wake. Basi siku ya gulio, mchana, watu wote wakiwa sokoni, akapanda baiskeli akaenda ufukweni, akavuka kwa mtumbwi mpaka Ukerewe. Akaanza kufundisha Nansio kwa jina lake la ubatizo, Paulo, wasimjue kama Mhoja mtoto wa mtemi. Wazee walipomkosa wakamkamata aliyefuata, naye alikuwa Shimba.

Nikamuuliza kama Mama alijua. Akasema Mama alipomfuata Nansio na wewe mgongoni alimuuliza kulitokea nini. Yeye akajibu tu kwamba hawakumtaka. Mama akamuuliza nani hakumtaka, ni Shimba? Baba akanyamaza. Mama akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo. Baba anasema hakuwahi kutunga uongo mwingine zaidi ya kunyamaza kule, lakini ulitosha, maana kila mwaka Mama aliuongezea kidogo. Ng'ombe wa hongo waliongezwa na Mama. Vitisho viliongezwa na Mama. "Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyedhulumiwa," Baba akaniambia. "Nilishindwa kumwomba aniangalie kama mtu aliyekimbia."

Mwaija alirudi na chai akatukuta hivyo. Aliweka birika chini, akatoka tena bila kuuliza.

Kaka, nilimkasirikia Baba. Kwa siku kadhaa nilimpikia, nilimtia dawa ya jicho, nilimshika mkono kwenda msalani, lakini maneno sikuwa nayo. Kilichoniuma si kiti. Kiti sikukijua. Kilichoniuma ni Mama, aliyepita katikati ya soko la Magu asimsalimie mke wa Shimba mpaka mwanamke yule akaondoka duniani, akiamini anatetea heshima ya mumewe. Na nilikumbuka siku ya msiba wa Mama, Shimba alipoleta ng'ombe wa rambirambi, nawe ukatoka ukamrudisha yule ng'ombe njiani kabla hajafika uani. Nilikuwa upande wako siku ile. Nilikusifu.

Mwishowe aliyenifungua mdomo ni Mwaija. Alinikuta naanika nguo akaniuliza tu, mama yako kwa mzee huyu alikaa vizuri au alikaa vibaya? Nikasema alikaa vizuri. Hakuletewa mke mwenza, hakupigwa, alizeeka akicheka na mume wake. Nikijibu hivyo nikasikia ninachokisema, nikakaa chini pale pale kwenye kibaraza nikalia. Mwaija akaendelea kuanika nguo zangu mpaka zikaisha.

Jioni ile nikamsemesha Baba. Akaniambia anataka nimpeleke kwa Shimba. Nikamwomba tusubiri kwanza nikuandikie wewe, kwa kuwa kesi ni yako na wewe ndiye mkubwa. Akasema, "Nikimsubiri Mayala nitapata sababu ya kutokwenda." Ndiyo maana hukupata habari mapema. Usinilaumu, au nilaumu lakini ujue nilikukumbuka.

Tulipanda basi la Magu Ijumaa ya tarehe nane, na kutoka barabarani tukakodi baiskeli mbili. Njia nzima Baba alikuwa akimuuliza tu kijana wa baiskeli kama bado kuna shule mahali fulani, na kisima mahali fulani. Nyumba ya Shimba si kama tulivyoifikiria utotoni. Ni ya matofali ya udongo, bati limeshika kutu, na barazani pamba ya mwaka huu imejaa kwa sababu wanunuzi wapya walikwisha pita na kusema watarudi. Tulimkuta anafunga miiba kwenye zizi. Ni mrefu, ameinama mgongo, na ana mikono kama ya Baba kabisa, mpaka nilishtuka.

Baba alisimama. Akaniuliza, yule aliyesimama pale ni nani? Kabla sijajibu, mzee yule akamsalimu kwa Kisukuma, akamwita Mhoja. Tangu Mama afariki sikuwa nimesikia mtu akimwita Baba kwa jina hilo.

Tulikaribishwa, tukapewa maji. Baba alikataa kukaa. Akiwa amesimama akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akaeleza yote, kama alivyonieleza mimi, na zaidi kidogo. Akasema yeye ndiye aliyemtupia mzigo ule, na kisha akaacha watu waseme kwamba mzigo ule uliibwa. Baba Mdogo Shimba alisikiliza akiangalia chini. Unajua yaliyompata baada ya kusimikwa. Alisimamia faini za mkoloni miaka ile mibaya, watu wakachoma ghala lake, na watemi walipoondolewa hakuna aliyemsikitikia. Nilidhani atasimama atufukuze, na nilikuwa tayari kumshika Baba mkono tuondoke.

Baba alipomaliza, Baba Mdogo akasema, "Siku ile ulinikuta ufukweni nanywesha ng'ombe."

Baba akasema anakumbuka.

"Uliniambia unakwenda Nansio kununua chaki."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Nani anakwenda kununua chaki na godoro limefungwa kwenye baiskeli?" akasema Baba Mdogo. "Nilikusaidia kuipakia ile baiskeli mtumbwini. Nikausukuma mtumbwi mpaka maji yakanifika kiunoni."

Kaka, Baba alitafuta kiti kwa mkono asikione, ikabidi nimkalishe. Akamuuliza, kwa hiyo ulijua? Baba Mdogo akasema alijua, kwa sababu shangazi yule yule alimnong'oneza na yeye. Alijua pia kwamba Mhoja asipopatikana, anayefuata ni yeye. Baba akamuuliza kwa nini naye hakukimbia. Akajibu alifikiria, lakini alikuwa na ng'ombe wa watu pale ufukweni, asingeweza kuwaacha.

Mimi ndiye niliyemuuliza swali lililofuata, ingawa haikuwa nafasi yangu. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuitwa mnyang'anyi miaka yote hii, na alikuwa na neno moja la kujitetea. Akaniangalia, akaniita mwanangu. Akasema mwanzoni kama angesema Mhoja amekimbia, wazee wangemfuata Nansio wakamrudisha, na yeye alikuwa amekwisha lowa mpaka kiunoni ili Mhoja asirudishwe. Baadaye watemi walipoondolewa, nani angemsikiliza mtemi aliyevuliwa? Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: alisikia kwamba mama yetu anaamini, na kwamba anaishi vizuri na mumewe kwa kuamini hivyo. Akaona akisema ukweli atawavunjia nyumba, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa sababu ya yeye kuusukuma ule mtumbwi.

Kesho yake Baba Mdogo aliwaita wanawe na wazee wachache wa kijiji. Baba akasema mbele yao kwamba ardhi ile si yake, aliiacha kwa hiari, na kwamba hata mbele ya mahakama atasema hivyo. Nisikudanganye kwamba wote walifurahi. Mwanawe mkubwa, ambaye jina lake limo kwenye kesi yako, aliuliza kwa nini ukweli huu umekuja leo baada ya kampuni kufika, na siyo siku walipokuwa wakizomewa shuleni kwa ajili ya baba yao. Baba akajibu kwamba amechelewa. Mwana yule hakumpa mkono. Alimletea kiti chenye mgongo tu, akaenda zake.

Jumapili nikajiandaa kurudi kwa sababu nina vipindi. Baba akasema yeye anabaki. Nikamuuliza mpaka lini, akasema hajui, na Baba Mdogo akasema chumba kipo. Niliwaacha barazani wamekaa juu ya magunia ya pamba, wakibishana Kisukuma kuhusu mwaka ambao ziwa lilifurika. Nimemwachia mjukuu mmoja wa hapo maelekezo ya dawa ya jicho, ni msichana mwelewa. Kila Jumamosi nitakwenda.

Kwa Mwaija tumemaliza ile mikanda. Yule mfalme mpole aliuawa mnarani, na yule wa Yoki naye watoto wa ukoo wake hawakudumu. Mzee Obedi alinuna wiki nzima. Mwaija alinambia bora binamu wa kwetu walikuwa na ziwa katikati.

Sasa kuhusu kesi. Wewe ndiye uliyeifungua, na mimi sina amri juu yako. Nimekueleza kwanza ili usiyasikie mahakamani ukiwa umesimama na wakili wako. Najua ulichokuwa unakitafuta hakikuwa shamba. Ulitaka Baba arudishiwe heshima kabla hajafa, na ulitaka hivyo kwa ajili ya Mama. Hilo sikulaumu hata kidogo, maana na mimi nililitaka. Kama utakasirika, kasirika. Mimi nilikasirika nikiwa nimemshika mkono, wewe utakasirika ukiwa mbali, na sijui lipi ni rahisi zaidi.

Tafadhali mpe wifi Precious barua hii aisome, usiibebe peke yako. Watoto wabusu, hasa yule aliyepewa jina la Mama. Jirani zangu wote wanakusalimu, na Mwaija anasema ukija utakaa kwake kama nyumba yangu itajaa.

Baba naye anakusalimu. Alinishika mkono nilipokuwa naondoka akaniagiza nikuandikie hivi: usije kwa haraka ili kumfurahisha, njoo moyo wako ukikubali, iwe mwaka huu au mwingine. Yeye atakuwa hapo kwa Shimba, na hatachoka kukungoja, kwa sababu naye amengojwa hapo miaka yote hii.

Mimi mdogo wako,
Bernadeta